Fomu nne kwenye Android: usihifadhi majibu ya watu kwenye static

SWALI: Ninatengeneza programu ya Android ya kusajili kaya. Ina fomu nne: mkuu wa kaya, wanakaya, makazi na uthibitisho. Kila fomu ni Activity (skrini) yake, na "Endelea" inaita startActivity kufungua inayofuata. Nikibonyeza "Rekebisha" kwenye uthibitisho narudi fomu ya kwanza, ila baada ya hapo kitufe cha nyuma kinanizungusha kwenye fomu zilezile mara mbili. Tena wadadisi wanalalamika kwamba wakipokea simu na kurudi, wanakuta majibu yamefutika. Nimeshauriwa niite finish() (amri ya kufunga skrini) kila ninapotoka na majibu niyaweke kwenye vigeu vya static (vinavyokaa kwenye kumbukumbu ya programu tu). Nifuate?

JIBU: Usifuate hata kimoja, ndugu yangu.

La kuzunguka ni jepesi. "Rekebisha" yako hairudi popote. Inafungua fomu ya kwanza nyingine na kuiweka juu ya rundo la skrini, ya zamani ikiwa bado imelala chini. Ukitaka kubaki na Activity nyingi, tumia alama za FLAG_ACTIVITY_CLEAR_TOP pamoja na FLAG_ACTIVITY_SINGLE_TOP, mfumo utairudia iliyopo na kuziondoa zilizo juu yake. Mimi ningeweka Activity moja, fomu ziwe Fragment (vipande vya skrini ndani yake), na safari yote ipangwe kwenye Navigation, maktaba ambayo Google waliitambulisha 2018. Finish() kila mahali itamnyima mdadisi njia ya kurudi nyuma kusahihisha jina alilokosea.

Hiyo static ndiyo inayonichosha. Haipiti wiki sijaletewa programu yenye faili moja la vigeu vya static, na mwenyewe anaapa kwamba kwake inafanya kazi. Kwake ndiyo, kwa sababu ana simu yenye kumbukumbu ya kutosha na haachi programu yake hata dakika moja.

Programu ikiwa nyuma, Android inaweza kuua mchakato wake (yaani programu yenyewe inavyoendeshwa kwenye kumbukumbu) wakati wowote ikihitaji kumbukumbu. Vigeu vya static hufa hapo hapo. Rundo la skrini halifi, maana mfumo unalitunza nje ya mchakato wako. Kwa hiyo mtu akirudi anafunguliwa fomu ya tatu ndani ya mchakato mpya, na alichojaza kwenye fomu ya kwanza hakipo. Programu ikianguka, shukuru. Mbaya ni ile inayoendelea kimya ikatuma wanakaya sita wasio na mkuu wa kaya.

Nimeziona rekodi za namna hiyo, kwenye programu ya kusajili wajawazito: umri wa mimba upo, tarehe ya kurudi kliniki ipo, jina hakuna. Muuguzi alikuwa ameliandika. Kisha alifungua kamera apige picha ya kadi, simu ilikuwa ya GB 2, mfumo ukaua programu ili kamera ipate nafasi. Lawama zilimwangukia yeye, kwamba ni mzembe.

Na walioitengeneza walikuwa wameijaribu! Walitelezesha programu pembeni kwenye orodha ya zilizofunguliwa karibuni, wakaifungua tena. Hilo si jaribio, maana linaondoa rundo lote na programu inaanza upya kutoka skrini ya kwanza. Wengine huwasha lile chaguo la msanidi liitwalo "Don't keep activities". Hilo huharibu Activity lakini mchakato unabaki hai, na static zinabaki nao, kwa hiyo kila kitu kinaonekana salama.

Hata ViewModel, sehemu ya kutunzia data ya skrini, peke yake haitoshi. Inavumilia simu kugeuzwa, haivumilii mchakato kuuawa.

Dawa ni rasimu. Mdadisi akianza kaya mpya, fungua rekodi kwenye Room (maktaba ya hifadhidata ya ndani ya simu) yenye alama "haijakamilika", na kila anapotoka kwenye fomu andika alichojaza. Kati ya fomu na fomu pitisha kitambulisho cha rekodi tu. Usijaribu kubeba majibu yote pamoja na picha ndani ya Intent (ujumbe unaofungua skrini), kwa kuwa njia hiyo ina bafa (nafasi ya kupitishia data) ya MB 1 inayogawanywa na shughuli zote za mchakato; ukiizidisha utakutana na kosa la TransactionTooLargeException. Baada ya kutuma, ondoa fomu zote kwenye rundo kwa popUpTo ya Navigation, la sivyo mtu atarudi nyuma na kutuma kaya ileile mara ya pili.

Kuna pia watakaokuambia uzime kitufe cha nyuma kupitia onBackPressed. Njia hiyo imeachwa tangu Android 13, na kwenye programu inayolenga Android 16, ikiwa kwenye simu ya Android 16, onBackPressed kwa kawaida haiitwi kabisa. Wanaokupa ushauri huu wanakunakilia msimbo wa miaka kumi iliyopita, na hawatakuwepo kijijini mdadisi akirudi nyumba kwa nyumba kuuliza maswali aliyokwisha kuuliza.

Jaribio lenyewe ni hili. Jaza fomu mbili, bonyeza kitufe cha nyumbani, kwenye kompyuta iliyounganishwa na simu endesha amri adb shell am kill ikifuatiwa na jina la kifurushi chako, kisha rudi kupitia orodha ya programu za karibuni. Fanya hivyo kwenye kila fomu, na usiwape wadadisi programu hiyo mpaka kila jibu liwe limebaki mahali pake.