Waya wa gavana ulivyonilia injini nzima

Juzi kuna kijana kanitumia meseji, "Kaka shikamoo, fundi kasema tufunge gavana na waya ili mashine isage chapchap, unaonaje?" Gavana ni kile kifaa cha injini kinachopunguza mafuta kasi ikizidi. Nikaweka simu chini kwanza, maana hiyo meseji 2017 ningeiandika mimi.

Nilikuwa na mashine ya kusaga inayozungushwa na S195, injini ya dizeli ya Kichina ya silinda moja, HP 12, mwisho wake 2000 rpm (mizunguko kwa dakika). Hela ya kuinunua nilikopa kikoba. Sasa wateja wakijaa tunamwaga mahindi mengi, injini inaelemewa, fundi akasema gavana ndo inaibania mafuta. Akafunga waya kwenye mkono wa nje pale springi inaposhika, mafuta yakabaki full. Na kweli ilisaga jamani, nikamnunulia na soda!

Wiki ya pili mkanda wa kutoka injini kwenda kinu ukakatika.

Ndani ya gavana kuna gololi za chuma zinazunguka pamoja na injini. Kasi ikipanda zinatanuka kwenda nje, zinasukuma uma, uma unarudisha kidhibiti cha mafuta kwenye pampu na mafuta yanapungua, huku springi inavuta kinyume. Kasi ikiwa mara mbili nguvu ya gololi inakuwa mara nne, kwa hiyo zinawahi. Na dizeli sio kama petroli, hewa inavuta yote inayotaka, kinachoiamulia kasi ni mafuta tu, sasa mzigo umetoka ghafla, mafuta full, gololi zinasukuma lakini waya umekaza...

Ule mlio mpaka leo nausikia. Nilikimbilia koki ya tenki nikafunga, kumbe mafuta ya kwenye filta na paipu bado yanailisha. Konrodi (mkono wa pistoni) ikatoboa bloku, kipande kikapita juu ya gunia la mama mmoja, Mungu tu. Fundi tulikuwa wote asubuhi, jioni hapatikani, mpaka leo. Deni nimelipa peke yangu miezi 14.

Leo nina mashine mbili na sijafunga waya hata mmoja. Kwa hiyo wadogo zangu gavana haifungwi. Injini ikielemewa punguza mahindi, safisha ea klina (kichujio cha hewa), kapime nozeli inayopuliza dizeli, angalia saizi ya puli. Asubuhi washa bila mzigo, pandisha resi kidogo uachie, sikiliza kama inatulia, ikiwa inapanda inashuka yenyewe ujue gavana ina uchafu au springi imechoka. Oili usizidishe alama, injini ikianza kunywa oili yake gavana haina la kufanya, oili hiyo haipiti kwenye pampu ya dizeli. Siku hiyo utaziba mdomo wa hewa, na uzibe kwa kibao, sio kiganja, mna watoto nyie. Na gavana haifungwi, narudia, tamaa ya debe mbili za haraka itakuuzia shamba.

Kijana kanijibu eti fundi wake kaifunga hivyo kwa watu wengi na haijawahi kuleta shida. Nikamuuliza, kuna hata mmoja mkanda umemkatikia? Tiki za bluu naziona, jibu sijapata.