Udi mzuri hujulikana kesho yake

Mhariri, wiki iliyopita mlituuliza wasomaji: "Ni anasa gani ndogo unayoona inastahili pesa yake, na unaichaguaje usidanganywe?" Jibu langu ni udi. Sisemi vijiti vya kuchomeka ukutani wala marashi ya chupa, nasema udi wa vipande, ule wa kutia kwenye chetezo, chombo cha kufukizia.

Nimezaliwa Wete na nimeolewa Unguja, na sijawahi kuishi nyumba isiyo na chetezo. Nawaona wanawake wenzangu wakitoa pesa nyingi kwa udi mbaya. Wengine wana udi mzuri wa kurithi, wanautia kwenye moto mkali ukawaka kama kuni. Hilo la pili linaniuma zaidi, maana la kwanza ni kosa la muuzaji.

Udi ni mbao. Watu huuchanganya na ubani, lakini ubani ni utomvu ulioganda juu ya gome, na wetu hutoka Somalia na Arabuni. Mti wa udi, ambao wataalamu wa mimea huuita Aquilaria, humea Asia: Assam kule India, Kambodia, Vietinamu, Malaysia, Indonesia. Ukiwa mzima, mbao yake ni nyeupe, nyepesi, haina harufu ya maana. Ukijeruhiwa na kuvu ikaingia kwenye jeraha, mti hujitetea kwa kutoa utomvu mzito unaojaa ndani ya mbao pole pole, miaka kwa miaka. Ile sehemu iliyolewa utomvu ndiyo udi. Kwa hiyo tunachofukizia nguo zetu ni kidonda cha mti kilichopona.

Tabu ni kwamba kwa kuutazama mti kwa nje ni vigumu kujua kama una udi ndani. Wakataji walikata mingi wakaambulia kidogo, miti ya porini ikapungua, na tangu 2005 biashara ya aina zote za Aquilaria husimamiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Udi mwingi wa siku hizi hutoka mashambani, ambako mti hutobolewa na kutiwa kuvu kwa makusudi. Sina neno na udi wa shamba, nautumia mwenyewe siku za kawaida. Ubaya ni kuuziwa wa shamba kwa bei ya wa porini.

Sasa kuchagua. Bibi yangu alikuwa hanusi udi ukiwa baridi. Akipewa kipande alikipeleka mlangoni penye mwanga, akakigeuza kwa vidole viwili, akatafuta mishipa: mistari myeusi na ya kahawia iliyopishana na mbao iliyofifia. Kipande cheusi tii chote, kinachong'aa kama kiatu kilichopigwa rangi, alikirudisha bila kusema kitu. Akiona mishipa, hukipima uzito kiganjani, maana utomvu ndio mzito, na udi ulioshiba kabisa huzama majini. Halafu husema, "Mwanangu, niletee kaa." Mpaka kaa lije, pua yake haikuwa na kazi.

Mimi nilikuja kuielewa sababu nilipomwoza binti yangu wa kwanza. Wiki moja kabla ya harusi niliingia duka moja mjini, nikafunguliwa kikopo, harufu ikanipiga usoni mpaka nikafumba macho. Nikalipa bila kuuliza mara mbili. Nyumbani nikatia kipande kwenye chetezo: moshi mzito mweusi, macho yakatuwasha sote, na chumba kikanuka sukari iliyoungua. Dada yangu akachukua kipande kingine akakipasua kwa kisu cha jikoni. Nje cheusi, ndani cheupe kama kijiti cha kibiriti. Akakisugua kwenye leso nyeupe, kikaacha doa la rangi na mafuta. Ilikuwa mbao tupu iliyorowekwa manukato ya kiwandani. Niliporudi, muuzaji akasema hajui, naye ameuziwa hivyo hivyo.

Udi wa kweli ukiwa baridi hunukia kidogo tu, kwa mbali, kama umejificha. Utomvu wake unataka moto ndipo useme. Kwa hiyo kikopo kikinukia duka zima, usifurahi, uliza kimepakwa nini. Omba upasue kipande kimoja. Ukikataliwa, aga kwa heshima uende zako.

Majina pia yasikubabaishe. Utaambiwa huu ni wa Kihindi, huu wa Kambodia. Ni kweli kuna tofauti: wa Kihindi mwanzo wake ni mkali, una kitu cha ngozi na zizi, kisha hutulia, wa Kambodia huelekea utamu wa matunda. Lakini jina hubandikwa na mtu, na karatasi haikatai. Mimi siku hizi nanunua kidogo kidogo, nusu tola, yaani kama gramu 6, kutoka kwa mtu anayekubali nirudi kumlalamikia. Sitaki mfuko mkubwa.

Kuhusu kufukiza ndiyo nina maneno mengi zaidi, maana hapa ndipo udi wa thamani unapopotea. Kosa ni moto. Mtu hutoa kaa jekundu kwenye seredani, analiweka kwenye chetezo, anatupia udi juu yake hapo hapo. Udi unawaka, moshi unajaa chumba, baada ya dakika mbili kuna harufu ya mbao iliyoungua, basi. Anasema udi wa siku hizi hauna kitu.

Liache kaa livae jivu jeupe kote. Ninachopenda ni kaa la kifuu cha nazi, kwa sababu moto wake ni wa kutulia. Ukitumia vile vidonge vya mkaa vya dukani, ambavyo vingi hutiwa shura, ile chumvi ya baruti, ili vishike haraka, subiri cheche ziishe na harufu ya baruti iondoke kabisa, la sivyo utaifukizia nguo yako baruti. Kisha chukua jivu safi, funika kaa kwa tabaka jembamba. Juu ya jivu, si juu ya moto, weka kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo. Kimoja tu.

Halafu inama utazame. Kwanza hakuna kitu. Baadaye ukingo wa kipande unatota, unang'aa, na vipovu vidogo vya utomvu vinaanza kuchemka kwenye mishipa. Moshi unaotoka ni mwembamba kama uzi, unapanda wima ikiwa hakuna upepo. Harufu ya mwanzo si ile ya katikati, na ya katikati si ya mwisho. Udi wa kupakwa una harufu moja tangu unapoanza hadi unapozimika. Vipovu vikikoma na ukasikia mbao, kitoe kwa koleo. Usikingoje kiwe majivu. Kipande kimoja cha namna hiyo kwangu kinatosha kanga mbili, buibui, na nywele za binti mmoja.

Nguo itundike juu ya chetezo ikiwa na unyevu kidogo, hushika harufu vizuri zaidi kuliko nguo kavu. Usiiache peke yake, hasa mabuibui haya ya siku hizi ambayo kitambaa chake hushika moto upesi. Na fungua dirisha. Nina mjukuu mwenye pumu, basi chumba anacholala hakifukizwi kabisa, hata iwe usiku wa kuamkia Idi. Udi ni moshi, na makaa ndani ya chumba kilichofungwa ni hatari hata kwa mzima.

Udi wa kupika, ule wa chengachenga zilizopikwa kwa sukari na marashi ya mawaridi, zikatiwa sandali na miski, ni jambo jingine. Ni mtamu, ni wa harusi, na kila nyumba ina mkono wake. Lakini usiulipie bei ya udi mtupu, kwa sababu ndani yake udi wenyewe ni kidogo.

Hadi hapa bado hujajua kama umenunua vizuri. Hiyo ni kesho yake. Jioni baada ya magharibi nafukiza kanga moja, naikunja, naitia kwenye kasha peke yake. Asubuhi, kabla sijanywa chai wala kushika kitunguu, nafungua kasha na kuifunika usoni. Udi wa kudanganya asubuhi huwa umeondoka, au umebaki uchachu wa moshi. Udi wa kweli unakuwa umetulia, mtamu kuliko jana, umeingia kwenye uzi. Hapo ndipo ninapoamua kama narudi kununua tola nzima.

Kijana ninayenunua kwake Darajani ameshanizoea. Nikitokea siku ya pili hanitajii bei, ananiuliza, "Bi mkubwa, kanga imesemaje?" Mwezi uliopita nilimwambia imenyamaza. Akakirudisha kile kikopo rafu ya juu, akainama chini ya meza, akatoa kingine.