Maji Kwanza, Rangi Baadaye: Kwa Wanaoanza Kupaka Upya Sanamu za Michezo ya Mezani

Wengi wanaoanza kupaka upya sanamu za michezo ya mezani hapa Goma huja na hofu ya mkono. Wanadhani vidole vitatetemeka, na kwamba uso wa askari mwenye kimo cha milimita 28 au 32 hauwezi kuchorwa na mtu asiye na kipaji cha kuzaliwa. Katika miaka ya kukaa na wanaojifunza nimeona kwamba mkono si kikwazo kikubwa, kwa maana hata ulio mzito huzoea. Kinachoharibu sanamu za mwanzo ni maji: ama rangi haikupewa maji ya kutosha ikaziba mikunjo ya nguo na vidole, ama ilipewa mengi mno ikatiririka hadi mahali isipotakiwa.

Kabla ya kufika huko, ijue sanamu yako imetengenezwa kwa kitu gani. Ikiwa rangi ya zamani ni nyembamba na maumbo yote bado yanaonekana, usijisumbue kuiondoa. Ioshe kwa sabuni na mswaki laini, iache ikauke kabisa, kisha ipake juu yake. Ikiwa ni nene kama uji, iloweke kwa saa kadhaa katika alkoholi ya isopropili, halafu isugue taratibu kwa mswaki uliochakaa. Alkoholi hiyo kwa kawaida haidhuru metali wala ile plastiki ngumu inayoitwa polistireni, lakini kwa rezini, yaani plastiki ya kumimina kwenye kalibu, ni busara kujaribu kwanza upande wa chini usioonekana. Jihadhari na dawa ya kufutia rangi ya kucha inayopatikana katika kila saluni, kwani mara nyingi huwa na asetoni, na asetoni huyeyusha polistireni hata sura ya askari ikapotea mbele ya macho yako. Kazi hii ifanyike dirisha likiwa wazi, mbali na mbabula yenye makaa, kwa sababu mvuke wa alkoholi hushika moto kwa urahisi. Sanamu nyingi za metali za miaka ya 1980 na za kabla yake zina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Usizipige msasa zikiwa kavu, nawa mikono baada ya kuzishika, na usiwape watoto.

Rangi ya msingi ndiyo inayoifanya rangi ya juu ishike. Ukitumia kopo la kupuliza, lishike kwa umbali wa sentimita 25 hivi na upitishe haraka mara kadhaa, badala ya kulielekeza mahali pamoja hadi rangi ianze kuchuruzika. Mji wetu una ugumu wake hapa: msimu wa mvua hewa huwa na unyevu unaoweza kuufanya uso wa sanamu uwe na ukungu mweupe, na kuanzia Juni hadi Agosti vumbi la mawe ya volkano hutua juu ya kila kitu kibichi. Chagua siku isiyo na mvua wala upepo, na ukimaliza ifunike sanamu kwa sanduku la karatasi ngumu. Asiye na kopo apake rangi ya msingi kwa brashi. Itachukua muda zaidi, lakini haitegemei hali ya hewa. Mimi humshauri anayeanza achague kijivu, kwa kuwa nyeusi huficha maumbo asiyoyajua bado, na nyeupe huonyesha kila sehemu aliyoiruka.

Kuhusu rangi zenyewe, nitasema kidogo. Guashi ya shule ni rahisi kupatikana, lakini ikishakauka huyeyuka tena inapoguswa na maji, hivyo tabaka la pili hulichafua la kwanza. Rangi ya mafuta ya milango na ile ya kuta ni nzito mno kwa umbo dogo namna hii. Tafuta akriliki, hata ya bei nafuu ya wachoraji, kwa sababu ikikauka haiyeyuki kwa maji.

Sasa maji yenyewe. Usichovye brashi moja kwa moja katika chupa ya rangi. Chukua kifuniko kipana cha plastiki, tandika ndani yake karatasi laini iliyokunjwa na kuloweshwa, kisha weka juu yake karatasi ya kuokea mikate. Rangi ikiwekwa hapo hubaki mbichi kwa muda mrefu, hata mchana wa kiangazi ambapo kwenye sahani kavu ingeganda kabla hujamaliza mkono mmoja wa askari. Ongeza maji tone kwa tone, na kila mara jaribu mstari mmoja kwenye ukucha wa kidole gumba. Mstari ukiwa na mifereji ya nywele za brashi, rangi ni nzito bado. Ukisambaa wenyewe, maji yamezidi. Kisha, na hili ndilo wanaoanza hulisahau zaidi, gusisha brashi kwenye kitambaa kabla ya kugusa sanamu, kwani rangi iliyochanganywa vizuri hutiririka ikiwa tumbo la brashi limejaa. Tabaka la kwanza litaonekana hafifu na lenye mabaka, nawe utashawishika kulirudia papo hapo. Usifanye hivyo: brashi inayopita juu ya rangi iliyokauka nusu huichuna. Liache likauke, kisha paka la pili.

Maji ya ziwa Kivu yana chumvichumvi nyingi, na yakikaukia kwenye sanamu huweza kuacha alama nyeupe, hasa unapotumia rangi nyepesi sana ya kutia vivuli. Kwa kuchanganyia tumia maji ya chupa, kwa sababu kiasi kinachohitajika ni kidogo sana; yale ya ziwa yaliyo kwenye bidoni yabaki ya kusuuzia brashi.

Vivuli hutiwa kwa rangi nyeusi au ya kahawia iliyozimuliwa sana, inayoingia kwenye mikunjo yenyewe. Mwanga hutiwa kwa brashi iliyofutwa hadi ikaribie kuwa kavu, ikipitishwa juu ya sehemu zilizoinuka. Zidisha tofauti kati ya viwili hivyo kuliko unavyodhani inafaa. Sanamu ya mchezo hutazamwa kutoka umbali wa mkono mmoja, na kwa umbali huo macho yaliyochorwa kwa uangalifu hayaonekani, ilhali kofia yenye mwanga na kivuli huonekana.

Kwa kitako ambacho sanamu husimama juu yake, sisi tuna bahati ambayo wachezaji wa kwingine huilipia: chunga mchanga wa lava iliyoteremka kutoka Nyiragongo mwaka 2002, uoshe, uukaushe, uubandike kwa gundi nyeupe ya mbao, kisha usugue kwa kijivu cha brashi kavu. Vanishi isiyong'aa ije mwisho, siku isiyo na mvua, katika matabaka mawili mepesi, na sanamu isishikwe hadi kesho yake.