Barua kwa Mwanangu: Spika ya Bibi Yako

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza namna ya kufunga spika za kuamrishwa kwa sauti hapo nyumbani Tanga, ili bibi yako, ambaye macho yake yamefifia, awashe taa bila kupapasa ukuta.

Anza na Echo Dot moja tu, spika ndogo ya Amazon inayotumia msaidizi wa sauti aitwaye Alexa, chumbani kwake, wala usiongeze ya pili mpaka hiyo imefanya kazi mwezi mzima bila kusumbua. Linaloniumiza ni lugha, kwa kuwa hadi ninapoandika Alexa haielewi Kiswahili, na spika za Google Nest nazo haziamrishwi kwa Kiswahili. Kompyuta ndogo yenye Home Assistant, programu ya kuongoza vifaa vya nyumbani, na Whisper, programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi, ingeweza kumsikiliza kwa lugha yake, ila toleo dogo la Whisper, ambalo ndilo linalomudu kuendeshwa na kompyuta ya bei nafuu, hukosea maneno yetu mara nyingi, na mama yangu hastahili kurudia neno mara nne gizani. Kwa hiyo fungua sehemu ya Routines, yaani ya kupanga amri zako mwenyewe, katika programu ya Alexa kwenye simu, uweke amri mbili anazoweza kuzitamka, "Alexa, good morning" ya kuwasha na "Alexa, good night" ya kuzima. Keti naye, azijaribu kwa matamshi yake mwenyewe, na amri itakayokataliwa mara mbili uibadilishe, usimrekebishe yeye.

Taa yenyewe iwe ya mezani, iliyochomekwa kwenye plagi janja, yaani inayowashwa na kuzimwa kupitia Wi-Fi, ya pini tatu bapa na volti 230. Balbu janja ya darini siipendi, maana mtu akizima swichi ya ukutani, kama watoto wafanyavyo kila siku, balbu hukosa umeme na amri haifiki. Plagi nyingi za aina hiyo hupokea Wi-Fi ya masafa ya gigahezi 2.4 peke yake, basi hakikisha ruta, kile kifaa kinachosambaza Wi-Fi nyumbani, inayatoa, na ukishaunganisha usibadilishe jina wala nenosiri la Wi-Fi.

Umeme ukikatika, Echo Dot haina betri ndani, hivyo tochi ibaki kando ya kitanda chake daima.

Mwoneshe kwa vidole kitufe cha juu kinachozima maikrofoni, umweleze kwamba taa nyekundu ikiwaka spika haisikilizi. Na kabla hujanunua chochote, muulize kama anaridhia chombo chenye masikio kukaa chumbani mwake. Akikataa, mfungie swichi ya kamba karibu na mto.

Mimi baba yako