Kila Kosa Lina Kwao

Wiki ya kwanza ya muhula ikiisha, huwa namwona mwalimu mgeni akiingia ofisini na rundo la madaftari kifuani, anajitupa kitini, anasema, "Hawa watoto hawajui kitu." Nami nilisema vivyo hivyo miaka 16 iliyopita, katika shule moja ya umma upande wa Eastleigh, Nairobi. Mwalimu mkongwe aliyekuwa akinywa chai kando yangu hakunijibu. Alivuta daftari la juu, akalifungua, akaniuliza, "Huyu kwao wanaongea nini?" Sikujua. Nilikuwa nimemsahihisha mtoto yule siku tano mfululizo.

Basi wewe uliyepangiwa darasa Nairobi mwaka huu, kabla hujahangaika na chati na kadi za maneno, jua lugha za darasa lako. Chukua rejista wakati wa mapumziko, mwite mmoja mmoja. Nyumbani mnaongea nini? Nyanya anaongea nini? Kabla ya hapa ulisomea wapi, na mwalimu alikuwa akifundisha kwa lugha gani? Mwaka jana nilikuwa na watoto 62 na nikahesabu lugha 11: Kisomali, Kiborana, Kioromo, Kiamhara, Kikamba, Kikuyu, Kiluo, Kimeru, Kinubi, Kirundi na Kiswahili cha Kongo. Sheng hakuna aliyeitaja, ingawa ndiyo wanayogombania mpira. Niliandika lugha kwa penseli kando ya kila jina, na ukurasa huo nimeufungua mara nyingi kuliko maazimio ya kazi.

Nimekuja kuamini kwamba kosa la mtoto halitoki hewani. Lina kwao. Ukijua kwao, umeshajua pa kuanzia. Usipojua, utatia mkasi tu, ile alama ya X ya kosa.

Nilijifunza hili kwa aibu. Nilikuwa na mvulana wa Gredi ya 5 aliyefika kutoka Bukavu, Kongo, miezi miwili tu iliyotangulia. Nikawapa hesabu kumi za desimali. Akaandika 2,5 + 1,25 = 3,75 na nyingine zote kwa mtindo huohuo. Nikatia mkasi zote kumi. Kesho yake akaja mezani kwangu, kidole kikiwa juu ya daftari, akaniambia, "Mwalimu, jibu iko muzuri." Nikamwambia akakae. Ilinichukua wiki mbili kutambua kwamba kwao, kama Ufaransa na Ubelgiji, mahali tunapoweka nukta wao huweka mkato. Mtoto alikuwa amepata kumi juu ya kumi. Aliyefeli hesabu ile ni mimi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwinda kwao na makosa. Mtoto aliyeanza kusoma Mogadishu anafika akiwa anajua herufi zote, kwa sababu Kisomali kinaandikwa rasmi kwa herufi za Kilatini tangu 1972. Lakini "x" ya Kisomali ni ile "h" nzito ya kooni kama ya Kiarabu, na "c" ni ayn, sauti nyingine ya kooni ya Kiarabu. Mwekee mbele neno "box" au "cat" usikie anavyohangaika. Ukidhani hajawahi kushika kitabu, utamrudisha kwenye a, e, i, o, u, naye atakudharau, kwa haki yake. Anachohitaji ni kuambiwa kwamba herufi mbili hizi hapa zina sauti nyingine. Ni dakika kumi. Akiandika "baber" badala ya "paper", kumbuka kwamba Kisomali hakina "p". Mwekee karatasi mbele ya midomo aone inavyotikisika akiitamka sawasawa. Watoto wanapenda mchezo huo hata wasiouhitaji.

Wa kwetu nao wamo. Atakayekuambia "My mother, he is sick" hajachanganyikiwa kuhusu mama yake. Kiswahili na Kikamba havimtenganishi mwanamume na mwanamke katika "yeye", kwa hiyo anaamua jambo ambalo lugha yake haijawahi kumdai. Atakayeandika "I have 12 years" ametafsiri "nina miaka 12" neno kwa neno, na mwenzake aliyesoma kwa Kifaransa atafanya vivyo hivyo kwa sababu Kifaransa nacho kinasema mtu "ana" miaka. Kosa moja, nyumba mbili. Lifundishe mara moja mbele ya wote: weka "nina njaa, nina kiu, nina miaka 12" upande mmoja wa ubao, na "I am" upande wa pili, uwaache wagundue wenyewe.

Saa ndiyo iliyowahi kunimaliza kabisa. Unauliza shule inaanza saa ngapi, darasa zima linaandika "2 o'clock". Ni kweli, tunaanza saa mbili! Watoto wa Kiamhara na Kioromo nao huhesabu saa kuanzia mapambazuko kama sisi, kwa hiyo nao wamo kwenye chungu hichohicho. Siku hizi nachora saa kubwa sakafuni kwa chaki, namweka mtoto mmoja kwenye 8, kisha nauliza nani anasimama mbele yake upande wa pili. Ni 2. Saa ya Kiswahili iko uso kwa uso na saa ya Kiingereza, kila saa, mchana na usiku. Wakishaona hivyo kwa miguu yao hawasahau. (Ukiwa na mtoto kutoka Ethiopia angalia pia mwaka wa kuzaliwa kwenye fomu. Kalenda yao iko nyuma ya hii yetu kwa miaka saba au minane, na kuna binti tuliyemwona kwenye karatasi ni mtu mzima ilhali hata meno hayajamaliza kuota.)

Sasa nije kwenye kosa la walimu, maana nalo lina kwao.

Mtoto anaingia Januari bila neno la Kiingereza. Kufika Oktoba anapiga kelele uwanjani, "Give me the ball! You're cheating!" Tunafurahi, tunasema huyu sasa ameshajua. Halafu anaanguka sayansi, anaanguka masomo ya jamii, na tunaanza kunong'ona kwamba labda ni mvivu. Mtafiti wa lugha Jim Cummins wa Kanada alitenganisha mambo haya mawili tangu mwisho wa miaka ya 1970: Kiingereza cha kuzungumza mtoto hukipata kwa takriban miaka miwili, lakini kile cha kitabuni humchukua miaka mitano hadi saba kuwafikia wenzake. Hesabu mwenyewe. Mtaala wetu unataka watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, ambayo Nairobi mara nyingi ni Kiswahili, kisha Gredi ya 4 Kiingereza ndicho kinachobeba masomo. Mwisho wa Gredi ya 6 anakaa KPSEA, mtihani wa taifa wa shule ya msingi. Aliyejiunga nawe Gredi ya 4 ana miaka mitatu. Kwa hiyo usisubiri akomae ndipo umpe lugha ya somo. Mpe ndani ya somo lenyewe, tangu siku ya kwanza.

Na lugha ya somo si maneno marefu tu. Maneno mafupi ndiyo yanayoua. Niliwahi kuuliza, "What is the difference between 9 and 4?" Binti mmoja akanyoosha mkono kwa furaha akasema 9 ina kichwa cha duara na 4 ina kiti. Sikuweza kumkosoa, hiyo kweli ni tofauti. Kuna "left", ambayo jana ilikuwa mkono wa kushoto na leo ni maembe yaliyobaki. Kuna "more". Mtoto akisoma "Ali has 24 mangoes. He has 9 more than Amina. How many does Amina have?" anaona "more", anajumlisha, anapata 33. Hesabu anaijua. Ni sentensi iliyomgeuzia mgongo.

Ninachofanya ni hiki. Kabla ya somo nachagua maneno matatu. Si kumi na tano; hayo ni ya kumfurahisha mkaguzi. Nayaandika pembeni mwa ubao na hayafutwi wiki nzima. Swali la maneno tunaliigiza kwanza: Ali na Amina wanasimama mbele na vizibo vya soda mkononi, tunaulizana kwa Kiswahili nani anavyo vingi. Kisha nawapa dakika tatu wajadiliane kwa lugha yoyote. Utasikia Kisomali dirishani na Kikamba mlangoni, na ikiwa mwalimu mkuu anapita utatamani ardhi ikumeze. Vumilia. Baada ya dakika hizo tatu majibu yanakuja kwa Kiingereza, na kwa sababu mawazo yameshapangwa, Kiingereza chenyewe kinakuwa kirefu zaidi. Kipindi ni dakika 35, unazo tatu za kutoa.

Utakutana na walimu watakaokuambia lugha za nyumbani zifungiwe nje ya lango. Wengi wetu tulilelewa hivyo. Nikiwa darasa la sita kijijini nilivaa kibao shingoni kwa sababu nilimwambia mwenzangu kwa Kikuyu kwamba ng'ombe wao ametoroka. Kibao kilikuwa kinapokezanwa, kwa hiyo mchana kutwa nilikuwa nikitega watu waropoke ili nikivue. Kiingereza sikuongeza hata neno, ila ujasusi niliujua. Leo Katiba ya 2010 inaitaka serikali ilinde lugha zetu zote, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza adhabu za kumdhalilisha mwanafunzi, ziwe za mwili au za akili. Ukiona kibao cha namna hiyo shuleni kwako, usikae kimya eti kwa sababu wewe ni mgeni.

Kicheko nacho ni kibao, tofauti ni kwamba hakina kamba. Nairobi tunapenda sana kumcheka anayeshrabu, yaani anayetamka kwa lafudhi ya kwao. Wachekeshaji wetu wamejengea nyumba juu ya "l" na "r" za Wakikuyu na "fis" ya Wajaluo. Darasani kwangu sheria ni moja: anayecheka matamshi ya mwenzake anasimama na kutamka neno la lugha ya yule aliyemcheka. Mpe "xoolo", mifugo kwa Kisomali, umwone anavyotafuta koo lake. Wiki mbili, kicheko kinaisha.

Mgeni asiyesema usimlazimishe kusimama. Kwetu mtoto hujibu akiwa amesimama, na kwa mgeni kusimama peke yake mbele ya macho ya watoto 60 ni hukumu. Kuna wanaokaa kimya muhula mzima huku wakisikia kila kitu. Mpe kazi zisizohitaji mdomo: aonyeshe kwa kidole, achore, agawe madaftari, na hiyo ya madaftari itamfundisha majina ya wenzake wote. Mkalishe karibu na anayejua lugha yake, lakini kwa muhula mmoja tu. Nilimwacha binti mmoja awe mkalimani wa mwenzake mwaka mzima, na alama zake yeye ndizo zilizoporomoka. Nilimwomba msamaha mama yake.

Kusahihisha, chagua aina moja ya kosa kwa wiki. Daftari jekundu halisomwi na mtu.

Sheng nayo usiipige vita, haitakwisha. Andika "Mathe ameenda soko" ubaoni (mathe ni mama), waulize mngemwambiaje chifu, mngeandikaje kwenye insha, mngesemaje kwa Kiingereza. Watoto wa mtaani wanajua kubadilisha lugha kama wanavyobadilisha viatu. Hawajawahi tu kuambiwa kwamba huo ni ujuzi.

Mwisho ni wazazi. Wapo watakaokuuliza kwa unyenyekevu kama waache lugha yao nyumbani ili mtoto ashike Kiingereza. Waambie wasiache. Mama anayejua Kiingereza cha kununulia nyanya tu atampa mtoto maneno ya sokoni, ilhali kwa lugha yake angempa hadithi, sababu na hoja, na hivyo ndivyo vitu mtoto anavyokuja kuvitafutia Kiingereza kwako. Mimi hutuma kazi ya nyumbani kwa sauti kwenye kundi la WhatsApp la darasa, kwa Kiswahili, kama sekunde 40. Mama mmoja wa Section Three, hapo Eastleigh, huirudia kwa Kisomali bila kuombwa, na baba mmoja ambaye ni bawabu huirudia kwa Kirundi usiku akiwa zamu.

Muhula uliopita kazi ilikuwa kuuliza nyumbani jinsi nyama inavyohifadhiwa bila friji. Binti ambaye sikuwahi kumsikia akimaliza sentensi alikuja na karatasi ya nyirinyiri, nyama ya kukaangwa inayohifadhiwa ndani ya mafuta: sufuria, vipande vya nyama, mishale, na maneno ya Kisomali kando yake, "hilib" (nyama), "subag" (samli). Chini ameandika, "My grandmother she cut the meat small small. She cook in the oil. It can stay many month." Niliongeza "s" moja kwenye neno la mwisho, nikamwomba atusomee. Akasoma kwa sauti ya chini, akiwa amekaa, nami nikamwacha akae.