Nyimbo za zamani unapoandika kazi yenye tarehe ya mwisho

Ndugu mleta mada, umeuliza kama ni busara kufungulia muziki wa zamani ilhali sura ya tasnifu inadaiwa Ijumaa, au kama kwa kufanya hivyo utakuwa unajipotezea muda. Mimi ni mfasiri, na kazi zangu nyingi huja na tarehe isiyosogezwa. Kwa uzoefu wangu muziki wa dansi wa zamani unasaidia sana, ila sharti uuchague kwa mahitaji ya kazi iliyo mezani.

Wimbo mpya hukudai usikivu, kwa kuwa hujui unakoelekea. Wimbo uliokua nao, ambao unajua tarumbeta zitaingia wapi na mpiga solo atapanda lini, haukudai chochote. Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa ikizirekodi bendi katika studio zake na kuzipiga rekodi hizo hewani miaka nenda miaka rudi, na ndiyo maana wengi wetu tunazijua nyimbo za Msondo na za DDC Mlimani Park mpaka pale mwimbaji anapovuta pumzi. Mazoea ya namna hiyo ndiyo yanayotakiwa.

Tatizo ni maneno. Bendi hizi zilisifika kwa utunzi, na sauti ya Muhiddin Maalim Gurumo au ya Hassan Rehani Bichuka, ambao wote wawili waliimba katika bendi zote mbili, haiji bila kisa: ndoa iliyoharibika, ndugu waliogombana, rafiki aliyegeuka. Ukiwa unaandika kwa Kiswahili, kisa hicho kinapita katika njia ileile unayopitishia sentensi zako, na utajikuta unafuata habari za mke aliyefukuzwa huku aya yako, tuseme juu ya mbolea, imekwama. Kwa hiyo ninapotafsiri kwenda Kiswahili huiweka TPOK Jazz, bendi ya Franco wa Kongo, kwa sababu Kilingala wanachoimbia sikijui zaidi ya maneno machache na sauti za waimbaji hubaki kuwa ala kama ala nyingine. Ninapoandika kwa Kiingereza, Mlimani Park haileti shida kubwa.

Ninachokithamini kuliko vyote ni jinsi nyimbo hizi zilivyopangwa. Zinaanza taratibu, waimbaji wanasimulia, halafu wimbo unachemka: maneno yanapungua, gita la solo na la rizimu yanaitana kwa kurudiarudia, besi na tumba vinasukuma kutoka chini. Wakongo huiita sehemu hiyo sebene. Mimi hutumia sehemu ya kuimba kusoma upya aya iliyopita na kuilinganisha na matini asilia, na magita yanapochemka ninaandika bila kusimama, hata kama neno nililoweka silipendi. Nalipigia mstari na kuendelea. Wimbo ukiisha, ukurasa unakuwa na kitu cha kurekebisha, na kurekebisha ni kazi nyepesi kuliko kuanza.

Hapa ipo kero moja inayostahili kutatuliwa mapema. Santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika zilibeba dakika chache tu kila upande, hivyo wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili, na mara nyingi mchemko wenyewe uko upande wa pili. Kama nakala zako zimetoka kwenye santuri hizo, hakikisha vipande vinafuatana katika orodha yako, la sivyo muziki utakatika pale tu mkono unapokolea. Nyimbo za TPOK Jazz za miaka ya 1980 zilizotolewa kwenye santuri kubwa hazina shida hiyo, kwani nyingine huzidi dakika 10 bila kukatwa.

Tayarisha orodha usiku wa kuamkia siku ya kazi na uipakue kabisa kwenye simu. Ukianza kutafuta wimbo mtandaoni katikati ya sura, utaingia kwenye maoni ya watu wanaobishana nani alipiga solo, na mjadala huo ni mtamu mno kuuacha.

Marejeo, majedwali na usomaji wa mwisho vifanye kimya kimya, kwani huko unatafuta kosa la herufi moja na muziki utakupitisha juu yake. Tuambie tasnifu unaiandika kwa lugha gani, ili wadau wenye maktaba kubwa kuliko yangu wakupe majina ya nyimbo.