Muulize Fundi: Buti haifunguki, magunia natolea mlango wa abiria

SWALI: Fundi habari za kazi, naandika toka Igoma hapa Mwanza. Nina kigari changu cha milango mitano nabebea dagaa nikitoka Mwaloni Kirumba. Ile swichi ya kubonyeza juu ya pleti namba ndo buti ifunguke inanisumbua toka mvua zianze, mara inakubali mara imekufa kabisa, juzi nimelaza siti nikavuta magunia kwa ndani watu wananicheka tu. Milango mingine rimoti inaifungua fresh. Fundi mmoja kaniambia ninunue kitasa kizima na mota yake. Halafu usiku nikinyanyua buti taa za pleti namba zinazima, nikishusha zinawaka. Nifanyeje?

JIBU: Pole dada yangu, ila hela ya mota kaa nayo kwanza. Hilo la taa umelitupia mwishoni kama halina maana kumbe ndo lenyewe. Waya za taa za pleti, za swichi na za mota kwa kawaida zinapita pamoja kwenye ule mpira mweusi wa mikunjo pale juu karibu na bawaba, na kila ukifungua buti zinakunjwa, miaka inaenda, waya inakatika kwa ndani huku ganda lake limebaki zima, kwa hiyo kwa macho huoni kitu mpaka uvute kidogo ndo ganda linarefuka kama chingamu.

Toa kwanza waya hasi ya betri, chomoa huo mpira, kagua waya mojamoja. Ukikuta iliyokatika usikubali kusokotewa na selotepu, hiyo mwezi haumalizi. Fundi aunganishe kipande kipya cha waya laini, kirefu kidogo ili isikaze, achomelee kwa risasi na kila kiungo kikae sehemu yake, visirundikane pamoja.

Swichi nayo siiachi, maana nyingi zimefunikwa kimpira ambacho kikizeeka kinapasuka, maji yanaingia, terminali zinaota kutu ya kijani. Kuipima ni rahisi: rudisha betri, gari iwe imefunguliwa loki, chomoa soketi ya swichi, kama ina waya mbili tu zigusanishe kwa kipande cha waya. Buti ikiachia, swichi ndo imekufa. Ikigoma, rudi kwenye waya, au mpime mota kama inapata volti 12 wakati unagusanisha. Ila asije mtu akaleta moto wa moja kwa moja toka betri kwenye waya za swichi, zile mara nyingi zinaenda kwenye kompyuta ya gari na hiyo ikiungua utalia.

Na siku ukikwama tena na mzigo, ingia nyuma uangalie ndani ya mlango wa buti, magari mengi yana kifuniko kidogo cha plastiki, kibandue kwa bisibisi bapa, utaona kidude, kisukume pembeni loki itaachia.